Chuo kisicho na lango: nilivyoondoka Maskati nisijue kama nitamwona tena baba

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Maskati, wa Unguja na wa kwingineko.

Mzee mwenzenu nimekaa na kahawa yangu hapa Al Khuwair, Maskati. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi hata chembe.

Tulifika Maskati kutoka Unguja mwaka 1964. Baba alikuwa anasomesha watoto Kurani nyumbani. Mimi nikapata kazi ya kumtafsiria injinia mmoja Mwingereza wa mabomba ya maji.

Vijana wa leo hamtaamini Maskati ile. Mji una ukuta, lango linafungwa usiku, na ukitembea baada ya hapo lazima ushike taa.

Na ukienda kusoma nje bila ruhusa ya Sultani, kurudi usahau.

Siku moja injinia akanionyesha prospectus, kijitabu cha picha na maelezo ya chuo alichosoma kwao Uingereza. Nilipigwa na butwaa. Zege jipya, vioo kila mahali, na matope ya ujenzi bado yapo!

Akanipa historia yake. Kilianza kama chuo cha ufundi, watu wa viwandani wanasoma jioni wakitoka kazini. Juzijuzi serikali yao ikakipandisha kuwa chuo kikuu, kinafundisha na kufanya research. Yeye mwenyewe baba yake alikuwa fundi bomba.

Nikatafuta lango kwenye zile picha. Akaniambia halipo, mtu anaingia tu. Wakuu, sikulala vizuri kwa kuwaza hilo.

Akaniombea nafasi, nikapata. Ikabaki radhi ya baba, na bila hiyo nisingekwenda popote.

Injinia akaja nyumbani, akaketi mkekani, akaletewa halwa na kahawa. Mimi katikati natafsiri.

"Chuo chenyewe kina umri gani?" baba akauliza.

Injinia akajibu: kama chuo kikuu, hakijatimiza miaka miwili.

Baba akayatazama makubadhi yake pale mlangoni. "Mie nna makubadhi yaliyokizidi umri!"

Tukacheka. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, ukitoka huna kurejea. Nikutoe kwa chuo ambacho hakuna hata sheikh mmoja aliyezeekea ndani yake? Hebu muulize, hao walimu wake wanajua nini?"

Injinia akafikiri. Akasema mwalimu wake bora kuliko wote, akiulizwa swali gumu, alikuwa anajibu: hatujui bado, tutafute.

Nikaona nimekwisha. Ningeweza kuyapaka asali maneno yale, maana baba Kiingereza hajui. Lakini kumdanganya baba yangu sikuweza. Nikatafsiri kama yalivyo.

Baba akaweka kikombe chini.

"Amesema hajui? Mbele ya wanafunzi wake?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nenda. Sheikh wangu mie ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza asilolijua, anakwambia Allahu aalam, wala haoni haya. Huyo ndiye mwanachuoni, hata chuo chake kiwe cha jana."

Niliondoka 1967, bila ruhusa ya mtu mwingine yeyote.

Huko nikayaona kwa macho yangu. Nilimuuliza profesa kwa nini chuma kilichomo ndani ya zege la pwani kinaliwa na kutu haraka vile. Akasema sehemu tunaijua, sehemu hatuijui, njoo maabara. Mzee mwenye mvi ananisogezea kiti mimi!

Lakini kila Idi nililia. Nilijua huenda baba atazikwa mimi sipo.

Mwaka 1970 Sultani mpya akashika nchi, walioko nje wakaitwa warudi.

Baba hakujua nitafika lini, akawa anakwenda kiwanjani kila anaposikia kuna ndege. Niliposhuka nikaona kwanza makubadhi yale yale, yameshonwa upya. Kisha nikamwona yeye, amekonda.

Nikauinamia mkono wake nikaubusu.

"Ehe," akasema, "hao walimu wako, wameshajua?"

"Bado, baba. Wanatafuta."

"Alhamdulillah," akasema, ndipo akanikumbatia na kulia.

Nilichojifunza wakuu: nikitaka kujua chuo kina uzito gani, siangalii jengo wala umri. Nasikiliza kama kuna mwalimu anayethubutu kusema hajui.

Haya, nanyi mliosoma, nani alikuwa mwalimu wenu wa kwanza kukiri hivyo darasani? Mtajeni kwa sifa zake hapa chini, kahawa yangu bado ya moto.