Ushuru wa Soko Lisiloonekana

Juzi nilikuwa kwenye cyber moja, duka la intaneti, hapa Kitale, mtoto mgongoni, mama mmoja wa Kachibora alipoingia akicheka. Mashine yake ya kufuma sweta, aliyoitangaza kwenye mtandao, ilikuwa imenunuliwa na mtu wa Bungoma. Sasa binti yake angeingia kidato cha kwanza.

Dada anayehudumu pale cyber alipiga hesabu ya pesa zake, akaipiga tena.

"Mama, tangazo hulipiwa kila wiki. Wenye mtandao wanakata kwenye pesa uliyouzia."

"Hata wiki ambazo sikuuza?"

"Hata hizo."

"Ati nini? Si pale sokoni nisipouza, askari wa kanjo anayekusanya ushuru huniambia, 'Mama, leo pita tu'?"

"Huku hakuna askari, mama. Ni kompyuta inakata. Ukitoa na nauli ya gari ya kuipeleka Bungoma, inabaki pesa ya sare ya shule peke yake."

"Turudishe pesa, nibaki na mashine yangu."

"Ilishauzwa, mama."

Mama alifungua fundo la leso, akatoa sarafu za kulipia cyber. Dada alizisukuma zirudi kwake, polepole, kwa vidole viwili.

"Wacha. Leo pita tu."

Hapo ndipo mama alipolia. Nilimpa kitambaa cha mtoto, sikuwa na kingine.

Wanatuambia mtandao ni soko la dunia nzima. Huenda ni kweli. Lakini mama alirudi Kachibora na pesa ya sare bila ya karo, na bila mashine sweta za kuuza sokoni Jumamosi hazitakuwapo tena.