Nililala Karavanini Uani kwa Mama Mkwe

Kosa ni langu. Nalisema mapema msije mkapoteza muda kunitafutia mtetezi. Wapo watakaosema mume alinionea, wapo watakaosema mama mkwe alikuwa mkorofi. Hapana. Nilikuwa na kiburi cha kijinga, tena hata hicho kiburi hakikuwa changu, nilikiazima kwa mwanamke wa Kizungu ambaye jina langu lilimshinda kulitamka.

Mimi ni mtoto wa mjini, Mwanza hapa hapa. Baba yangu ni fundi cherehani, na ukoo wetu ni mchanganyiko, Wamanyema, Waarabu na sijui nani tena. Tangu nikiwa mdogo nilifundishwa kwamba kila aliyezaliwa nje ya mji ni mshamba. Tulikuwa tunabanana vyumba viwili nyuma ya soko, paa linavuja, lakini mtu akipita na jembe begani tunamcheka. Ndivyo tulivyo, msinikatalie.

Mume wangu nitamwita Masanja, kwa kuwa wapo wengi na hamtamjua. Ni Msukuma wa upande wa Misungwi. Mama yake ni mjane, alilima pamba mpaka mwanawe akamaliza shule. Masanja alikuwa dereva wa mzungu mmoja mkaguzi wa pamba. Uhuru ulipokaribia alipelekwa kozi, na mzungu alipofunga virago Masanja akakikalia kiti chake cha ukaguzi, akapewa na Landrova ya kazi.

Tulioana bomani, kwenye ofisi ya serikali. Kwetu walikasirika kwa sababu hakusilimu, kwao walikasirika kwa sababu hawakuulizwa. Baba yangu alipoa. Mama mkwe hakupoa. Alituma maneno kwamba mke ambaye hajalala nyumbani kwake wala kula chakula chake, yeye hamhesabu kuwa mkwe.

Masanja aliumia sana kwa hilo. Kila akitaka twende, mimi leo kichwa, kesho tumbo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa funza na moshi.

Basi yule mzungu aliacha karavani. Kwa asiyeijua, ni kijumba cha bati juu ya magurudumu, kinavutwa na gari. Ndani kina kitanda, jiko la mafuta ya taa, kabati la vyombo na mapazia ya maua. Yeye na mkewe walikuwa wakitembea nacho kandokando ya ziwa, wanalala popote wanapopenda. Kukisafirisha mpaka kwao hakuweza, akamwachia Masanja.

Nilipokiona nikajiona nimefika.

"Tukienda na hiki, nitakwenda," nikamwambia mume wangu.

Maskini ya Mungu, alifurahi. Alisema, "Mama akikupokea tu, yamekwisha. Lala kwake, kula chakula chake. Sikuombi kingine."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kama mtu anayejibu salamu.

Siku ya safari nilijifunga kitambaa kichwani, nikavaa miwani myeusi. Yule bibi wa Kizungu ndivyo alivyokuwa akivaa. Tulipofika Mkuyuni nikamlazimisha Masanja asimame ukingoni mwa ziwa, niteremshe viti vya turubai, tunywe chai watu wakituona. Walituona kweli. Mama mmoja muuza samaki akaniuliza, "Dada, mnahama?"

"Tunatembea tu," nikamjibu, pua juu.

"Mnatembea na nyumba?" akauliza. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaweka sinia chini. Nilimdharau yule mama. Sasa najua kwamba pale pote yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu.

Tukapita Usagara, tukaacha barabara kubwa, tukaingia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba. Karavani ilikuwa inayumba nyuma yetu, vyombo vinagongana. Kila palipo na watu nilipunga mkono. Naona haya hata kuandika. Nilipunga mkono kama mke wa gavana, mimi binti wa fundi cherehani!

Nyumbani kwao ni boma kubwa lenye ua wa minyaa, zizi katikati, nyumba za nyasi pembeni. Mama mkwe alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameisiriba upya nyumba ya wageni kwa udongo na samadi, kama wanavyofanya kumpa mtu heshima, na mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Wifi yangu Kabula, dada yake Masanja, alipiga magoti kunisalimia. Mimi nikamsalimia mama mkwe nikiwa bado nimekaa garini. Dirishani!

Masanja akanionyesha ile nyumba. Nilichungulia, nikasikia harufu ya samadi, nikarudi nyuma.

"Mimi silali humo," nikasema.

"Ni usiku mmoja tu," akasema.

"Kifua changu. Nina kitanda changu, kwa nini niteseke?"

"Na chakula?"

"Nimekuja na samaki wa kopo."

Hakubishana. Akaenda kukaa na mama yake. Akala naye, akalala kule kwenye samadi. Mimi nikafunga mapazia, nikala samaki wa kopo na mkate mkavu huku mbuzi wa watu ananukia nje. Huo ndio uzungu wangu, mkate mkavu.

Mke wa watu anapolala kwa mkwe huamka mapema, akachota maji, akafagia uwanja, akaenda kumwamkia mama. Hilo hata mjini tunalijua, msidhani sikulijua. Mimi niliamka jua limeshapanda. Tena sikuamka mwenyewe, mama mkwe alikuja kunigongea. Yeye ndiye aliyekuja kuniamkia mimi! Alikuwa ameleta kibuyu cha maziwa, akakaa chini penye ngazi ya karavani, akatabasamu.

Kiswahili chake kidogo. Akasema, "Nimekuja kukuona mwanangu. Jana sikukuona vizuri."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, ndugu zangu. Ningeshuka nikakaa chini karibu naye, nikanywa yale maziwa, leo nisingekuwa naandika upuuzi huu.

Nilikuwa nimepika chai. Nikaona nimpe, nionekane mwema. Ndani kabatini kulikuwa na vikombe vya maua. Nikatazama meno yake, yamebadilika rangi kwa ugoro, nikaona hapana, si kwenye vikombe vyangu. Nje ya mlango kulikuwa na kikombe cha bati kinaning'inia kwenye msumari. Nikakichukua hicho.

Nilijua kikombe kile ni cha nani. Siku ya kutukabidhi karavani, yule bibi wa Kizungu alinionyesha vitu kimoja kimoja. Akasema vya kabatini ni vya wenyewe, cha nje ni cha dereva. Alisema kwa upole kabisa, na dereva mwenyewe, mume wangu, amesimama pale pale anasikia.

Basi nikammiminia mama yake chai humo. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa.

Masanja akatokea zizini. Akaona. Akaja mpaka kwenye ngazi.

"Umempa mama chai kwenye kikombe gani?" akauliza.

"Kikombe ni kikombe," nikasema.

"Mle ndani viko sita."

"Vile ni vya..." Nilitaka kusema vile ni vya wenyewe. Neno alilimalizia yeye mwenyewe, nililiona usoni kwake.

"Nimekinywea hicho miaka yote niliyomwendesha yule bwana," akasema. "Jua kali, mvua, nje. Nilikuwa navumilia, nikijua kwa mama yangu nina kibuyu changu. Wewe umekuja kumnywesha humo mama yangu, nyumbani kwake."

Mama mkwe akauliza kwa Kisukuma anasema nini. Hakumtafsiria. Alimwambia neno moja tu, na yule mama akaenda kuchukua kanga yake nyingine. Masanja akainama nyuma ya Landrova, akafungua kile chuma kinachoshika karavani, akaondoa na minyororo. Nikadhani anataka kusogeza gari.

Akamfungulia mama yake mlango wa mbele, pale nilipokaa mimi na miwani yangu, akampandisha.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Mjini. Mama hajawahi kuona ninapoishi."

"Na mimi?"

"Wewe si una nyumba yako? Kaa nayo."

Wakaondoka. Nilisimama kwenye ngazi, vumbi lote langu.

Sijui kama mmewahi kuiona karavani isiyo na gari. Ni sanduku la bati, basi. Kufika mchana lilikuwa moto, halikaliki, mbuzi wamelala chini yake. Nikatoka kwenda kwa Kabula, nikamwomba chakula. Alinipa ugali na nyama ile ya jana, na hakunisema hata neno moja. Nilikula mpaka nikalamba vidole. Alipomaliza kukusanya vyombo akaniambia, "Wifi, kulala utalala kwako." Akafunga mlango wake.

Kesho yake nilitembea kutafuta njia kubwa, viatu mkononi. Lori la pamba likanibeba kutoka Usagara, nimekaa juu ya marobota, nywele zimejaa pamba kama kikongwe. Wale niliowapungia mkono hawakunitambua, nashukuru.

Nilipobisha nyumbani kwangu, mama mkwe ndiye aliyefungua. Alikuwa amepumzika kitandani kwangu, nililiona godoro limebonyea. Nikapiga magoti pale pale mlangoni, mbele ya majirani, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Mwenye nyumba yuko kazini. Ukitaka kumngoja, ngoja hapo nje."

Nitasema kweli, simpendi yule mama. Alikuwa na haki ya kunidharau, na aliitumia yote. Lakini mimi ndimi niliyempa.

Masanja hakunipiga wala hakunitukana. Baba yangu alikwenda mara tatu kuniombea, akarudi amenyong'onyea. Wa mwisho kuamua alikuwa Masanja mwenyewe, na aliamua kimya kimya, kama anavyofanya mambo yake yote. Alisema mke wa kuringa angeweza kumvumilia, wa kumrudisha kwenye msumari wa yule bwana hawezi.

Na ninyi mabibi wapya mnaohamia nyumba za Wazungu walioondoka, mnaojifunza kugonga kengele ya mezani na kuwaita mashemeji "boi", nawaona. Nawaona sokoni na miwani yenu. Mnanicheka mkisikia habari zangu, na nyumbani mna mama wa mtu anakula jikoni amekaa juu ya gunia. Endeleeni. Mimi nilikuwa na mwanaume mwema kuliko wenu wote, na nimemtoa kwa kikombe cha chai.

Tuliachana bomani, mahali pale pale tulipooana. Karani akauliza habari ya vitu vya ndani. Masanja akasema hataki kugombana, karavani ni yangu, niende kuichukua wakati wowote. Iko kule kule uani kwa mama yake mpaka leo. Sina gari la kuivuta.