Mnyororo Mara Tatu

Mnyororo wenyewe ulikuwa wa pikipiki, umekatwa urefu wa mkono wa mtu mzima, na mwisho mmoja tuliufunga kitambaa usituchubue viganja. Kazi yake ilikuwa kupiga rangi. Ukitaka kujua rangi gani itakaa kwenye chuma cha chini ya gari, unapaka kibao cha chuma, unakiacha kikauke, halafu unakipiga mara tatu kwa nguvu zako zote, mahali pamoja. Rangi ikibaki, hiyo ni rangi. Ikibanduka, ni nguo ya Krismasi, ya kuonekana siku moja. Njia hiyo hatukufundishwa na mtu. Ilizaliwa hapo kwa kibanda chetu, Machakos mjini, kwa sababu miaka hiyo barabara za upande wa Kangundo zilirusha mawe chini ya gari kama mtu aliye na kisasi na wewe.

Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mpaka rangi wa magari, brashi na spreya, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mwenzangu alitoka katika familia ya Waislamu wa hapo mjini, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kwa changu. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwa kiwanda kimoja huko Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, ambako chuma hakipakwi rangi ya maji. Kinafunikwa unga mkavu, kinaingizwa kwenye moto, unga unayeyuka na kukishika kama ngozi. Alipotoka huko alitoka na ujuzi huo, na gunia la unga mweusi lililokuwa limekataliwa kwa kuingia unyevu. Akanunua tanuri kuukuu la mikate, akaanza kuchoma rangi madirisha na mageti. Mimi magari, yeye madirisha. Hatukuwa na ugomvi.

Nasema hivyo lakini sina hakika. Pengine ugomvi ulikuwepo na haukuwa umepata kazi.

Kazi ililetwa na mzee mmoja wa Mitaboni. Alikuja na pikapu ya zamani juu ya lori, imebonyezwa ubavu. Chini ya pikapu ile kulikuwa na bomba nene la chuma linalopita toka gurudumu la nyuma moja hadi lingine na kubeba springi. Bomba hilo lilikatika mteremkoni, gari likaviringika mara mbili, na mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, akarushwa nje kwa mlango, gari likamlalia. Mzee alitueleza hayo akiwa amesimama. Tulimpa kiti akakataa. Kwa kila neno alikuwa akigonga bomba lililokatika kwa fimbo yake.

"Hii ndiyo ilimuua. Ona. Nje iko na rangi safi. Hata mashimo yake niliziba mimi mwenyewe, matope yasiingie. Na bado kutu ikaikula."

Watu walikuwa wamemwambia auze gari hilo kwa vyuma vikuukuu. Yeye alitaka irudi barabarani. Alikuwa ametafuta mabomba mawili mengine, moja la kutumia na moja la akiba, pamoja na mikono ya springi na vishikio vyote, uchi, bila rangi.

"Nataka rangi moja tu, ile haitoki. Mchague nyinyi. Mmoja atakuwa fundi wa hii kazi, na mwingine atamshikia vyuma. Mkichagua vibaya, hii fimbo mnaiona."

Hakuwa anatania. Siku ya pili alinikuta nimelaza kishikio cha springi kwenye udongo wenye maji, akanipiga nayo begani mbele ya watu. Niliandika kwenye daftari langu usiku huo kwamba alinionea. Halafu nikaongeza kwamba udongo ulikuwa na maji kweli.

Kwa hiyo tukapaka vibao viwili. Changu nilikipa oksaidi nyekundu, rangi ya msingi, mara mbili, nikapiga msasa, halafu rangi nyeusi iliyochanganywa na dawa ya kuikausha ngumu. Chake akakipasha moto, akakikung'utia unga kupitia kitambaa, akakirudisha kwenye tanuri. Mafundi wa vibanda jirani walikuja kutazama, na mzee akasimama katikati. Sheria ilikuwa kwamba kila mtu anapiga kibao cha mwenzake.

Mwenzangu alianza. Pigo la kwanza liliacha mkwaruzo. La pili likatoa vipande. La tatu, chuma kikaonekana, kinang'aa kama mfupa.

"Pole, mzee wa brashi," akaniambia. Watu wakacheka.

Nikachukua mnyororo. Nilipiga mara ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu iliacha mstari mwembamba ambao ukiupitishia kidole huusikii. Nikainua mkono nikapiga ya nne.

"Ni tatu, kibao cha mwokaji kimevumilia tatu," mtu mmoja akasema kwa nyuma.

Nikainua ya tano. Mwenzangu akanishika kifundo cha mkono. Nilimpiga ngumi ya shingo kwa mkono mwingine. Yeye akanipiga kichwa mdomoni, jino likatoka, tukaangukia kwenye makopo ya tina ya kuchanganyia rangi, akanikaba hadi nikaona giza. Walitutenganisha kwa kutuvuta miguu. Mimi ndiye niliyeanza. Niliandika hivyo na sijafuta.

Nikiwa bado natema damu nilimwambia mzee kitu ambacho hadi leo nakiamini. Nilimwambia rangi ya unga ni nzuri, lakini siku jiwe likiipasua, kutu inatembea chini ya ile ngozi kama mchwa, na wewe kwa juu unaona kweusi kunang'aa. Rangi yangu ikiumia unaona kidonda, unakipaka, unaendelea. Hayo yalikuwa ya kweli. Kwamba niliyasema kwa ajili ya ukweli, hapo ndipo sijui.

"Sitaki kidonda cha kuona," mzee akasema. "Sitaki kidonda. Huyu wa moto ndiye fundi. Wewe utamsafishia vyuma."

Miaka yote niliyokuwa nimeshika brashi katika mji ule, ikaishia hapo, mbele ya watu ambao kesho yake wangeniletea magari. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma, kuliko jino.

Nikawa msafishaji. Grisi ya zamani ilitolewa kwa magadi makali ya kuchemsha, yale yanayokula ngozi. Yalinila vidole hadi kucha mbili zikalegea. Mwenzangu hakunidhulumu, lazima niseme. Aliniletea mafuta ya nazi kutoka kwa mama yake na akaninunulia glavu. Nilizitupa. Kila kilichotoka kwenye magadi nilikisuuza kwa maji, nikakianika, halafu kikaenda kwake.

Bomba la springi lilikuwa na matundu manne, mawili kila upande, kila moja la kupitisha kidole. Mzee aliyaona.

"Ziba yote. Maji yasipate mlango."

Hapakuwa na mtu wa kumpinga. Sisi mafundi wote wa pale tulikuwa tukiziba. Matope mekundu yakiingia kwenye chuma cha ndani hayatoki, yanakaa na kunywa mvua, na chuma kinaoza. Hivyo ndivyo tulivyojua. Kuchomelea nilikuwa nikijua pia, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nilichomelea matundu matatu. Kabla ya la nne niliinua bomba upande mmoja nilishike vizuri, na ndani kukapita sauti. Chwaa, polepole, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Maji ya kusuuza hayakuwa yametoka yote.

Ningeliinamisha yangemwagika. Ingekuwa kazi ya dakika moja.

Nilijua bomba linaenda kwenye moto. Nilijua maji kwenye moto yanakuwa mvuke. Nilichofikiri, na nimelipima jambo hili mara nyingi nisijipunguzie wala nisijiongezee, ni kwamba mvuke utatafuta njia kwenye mshono niliouchomelea na kuharibu ule unga, utoe malengelenge, na mzee aone. Nilitaka malengelenge. Nikaziba tundu la nne, nikalipiga brashi ya waya hadi likang'aa, nikampelekea.

"Safi sana, ndugu yangu," akasema. "Mkono wako wa kuchomelea ni dhahabu."

Ilikuwa karibu saa tano asubuhi. Aliingiza bomba kwenye tanuri, akangoja lishike moto, akachukua kitambaa chake cha unga. Mimi nilikuwa hatua kumi hivi, nimegeuka. Nilisikia mlango wa tanuri ukifunguliwa, halafu sikusikia tena kitu kwa muda. Mlango ulinipita. Ule mlango wa chuma, mzito hata mtu mmoja hawezi kuubeba, ulinipita juu ya bega na kwenda kukata nguzo ya kibanda. Paa la mabati likashuka upande mmoja. Mwenzangu alikuwa amekaa chini, miguu mbele kama mtoto, uso wote mweusi kwa unga, na kwenye ule weusi kulikuwa na mahali pekundu palipokuwa pakichemka. Alikuwa akijaribu kupapangusa. Nilimshika mikono asipapanguse. Alipiga kelele moja ndefu, halafu akaanza kumwita mama yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko chumba cha pili.

Jicho la kushoto lilitolewa hospitalini siku hiyo hiyo. Shavu lilishonwa. Sikio la upande huo lilibaki kama limefungwa pamba.

Sasa nieleze aibu yangu. Wiki zile alipokuwa amelala, mafundi walikuja kibandani na kuangalia tanuri lililopasuka, wakatikisa vichwa. Wakasema moto si mchezo. Wakasema afadhali brashi. Mmoja akaniletea gari lake siku ileile. Niliinamisha kichwa, nikapaka. Kila jioni nilienda hospitali na machungwa, na kila jioni nilikuwa na neno la yale maji mdomoni, na kila jioni nilirudi nalo.

Aliporudi kazini, kitambaa cheupe kikiwa bado kimefunika jicho, mzee alikuwa ameshapata habari. Alikuja akiwa amekasirika kuliko siku zote. Bomba lilikuwa limechanika kwa urefu kama ganda la ndizi.

"Nilikupea chuma cha mke wangu," akamwambia. "Umeifanya nini?"

"Kosa ni langu, mzee. Nilizidisha moto."

"Ulizidisha."

"Nilizidisha. Nimelifikiria nikiwa kitandani, sioni sababu nyingine. Kiwandani madirisha yalikuja yametobolewa tayari. Sikuwahi kuchoma kitu kilichozibwa. Ningeuliza."

Mzee akainua fimbo. Aliinua kwa mikono miwili, na mwenzangu hakujikinga. Aligeuza tu uso, upande wa jicho zima ukawa nyuma.

"Ni mimi," nikasema. "Kulikuwa na maji ndani."

Fimbo ilibaki juu. Mwenzangu aligeuka mwili wote ili anione.

"Uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Kabla ya kuziba?"

"Kabla ya tundu la mwisho."

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka rangi yako itoe malengelenge."

 Akaenda kwenye nguzo iliyokatwa, mahali mnyororo ulikuwa umetundikwa, akauchukua. Akazungushia kile kitambaa kiganjani.

"Vua shati, ugeuke."

Nikavua.  Pigo la kwanza lilinipigisha magoti. Nikasimama. La pili lilikuja mahali palepale, sijui kwa jicho moja aliwezaje, na nikasikia ngozi ikiachia. La tatu nililia kwa sauti, watu wakatoka kwenye vibanda. Nilibaki nimeshika nguzo, nikingoja la nne. Mimi nililipiga la nne siku ya vibao. Nilingoja muda mrefu.

Nilisikia mnyororo ukitundikwa.

Nilipogeuka alikuwa amechuchumaa kando ya lile bomba la kwanza, lililokatika na kumuua mke wa mzee, ambalo lilikuwa bado limelala pale. Alikuwa akipitisha kidole kwenye matundu yake ya zamani, manne, yote yamezibwa. Akatia mkono kwenye mpasuko. Alipoutoa, kulikuwa na kutu imelowa mpaka kwenye kifundo, nyekundu, laini kama ugali wa wimbi.

"Nje rangi ni nzima," akasema polepole. "Limeliwa kutoka ndani. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea."

Alimtazama mzee, akaacha hapo. Hakumuuliza ni nani aliyeziba. Mzee alitafuta kile kiti tulichompa siku ya kwanza, akakaa. Alikaa hadi jua likahama upande wa pili wa kibanda, fimbo imelala magotini.

Alipoinuka alisema, "Iko moja imebaki. Fanyeni vile mnajua."

Bomba la akiba nililitoboa mimi, shati likiwa limeshikana na mgongo. Nilisafisha yale matundu manne na kuyaacha wazi, nikaongeza mawili upande wa chini. Tulikubaliana unga kwa nje, na ndani oili chafu ya injini tuimwage baada ya moto, tuizungushe, ziada itoke yenyewe. Vishikio vinavyopigwa na mawe tukasema vipate brashi yangu, vionekane vikiumia. 

Kabla ya kuliingiza kwenye tanuri jipya, tulilochangia kulinunua, aliliinua bomba hadi kwenye sikio lake lililobaki, akalitikisa upande huu na upande ule. Mimi nilikuwa nimelikausha kwa upepo wa kompresa mara mbili, na nilikuwa nimesimama pale pale karibu naye. Hakuniuliza.

"Kavu," akajiambia, akafungua mlango.