Kikosi Kilimchangia Kamanda

Duka zima la vifaa vya ujenzi lilimwita Santuri, maana alikuwa akikwama kwenye neno moja kama santuri iliyokwaruzwa. Jina hilo alibandikwa na Chiriku, karani wa mauzo, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo. Santuri alikuwa mtunza stoo, mtu mzima mwenye mvi za kutosha, lakini mteja akiulizia misumari, Chiriku alipaza sauti kuelekea stoo: "Mzee, tuna mi-mi-mi-misumari?" Wateja walikufa kwa kicheko. Na wewe ungecheka, usijitie utakatifu hapa.

Sasa sikiliza vituko vya dunia. Santuri aliishi kwa dada yake mkubwa, msusi, na chumbani kwake alikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, aliyoinunua ofisi moja ilipofunga na kupiga mnada vitu vyake. Feni yake ilikoroma kuliko mlevi. Akitoka kazini aliiwasha, akaingia kwenye gemu ya vita ya mtandaoni, na humo hakuna Santuri. Humo alikuwa Kamanda. Aliandika amri fupi fupi, "Tulieni. Kushoto. Sasa," na kikosi kizima kikatii, kwa sababu mtu aliyenyamaza maisha yake yote huku wengine wakipayuka huwa ameona mengi. Wenzake waliongea kwa maiki. Yeye aliwaambia mashine yake imezeeka, akiwasha sauti tu inazima. Waliamini. Wengine waliapa kwamba ni ofisa mstaafu wa jeshi.

Na askari wake mtiifu kuliko wote alikuwa nani? Chiriku! Santuri alimtambua siku ile ile ya kwanza, kwa ule mdomo. Mchana Chiriku alimwiga mbele za watu, jioni akamwambia, "Ndiyo, mkuu. Nisamehe, mkuu." Hilo "mkuu" ndilo lililokuwa likimwamsha Santuri asubuhi na kumvalisha viatu. Bila hilo alikuwa mtu wa kupanga mabomba tu, na alilijua hilo vizuri.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja, vita vimepamba moto, mashine ikaganda, Kamanda akapotea hewani, na kikosi kikafyekwa chote. Wenzake hawakukasirika. Ingekuwa heri wangekasirika! Walimpenda, wakaamua kumchangia vifaa aifufue mashine yake. Aliandika, "Msijisumbue." Bibi Radi, dada mmoja wa kikosini asiyekosa shabaha, akajibu, "Mkuu, hatujakuomba ruhusa. Tunataka tukusikie."

Chiriku ndiye aliyepewa kazi ya kununua. Akaja stoo kifua mbele.

"Santuri, nitafutie katoni ngumu. Nina mzigo wa mkubwa mmoja."

"Wa na-na-na..."

"Wa mtu ambaye akisema neno moja, watu wanasimama. Wewe ukisema neno moja, watu wanakaa kabisa, maana wanajua watasubiri."

Santuri akamtafutia katoni, tena ile nzuri ya mabomba ya kuogea. Akapanga vifaa ndani kimoja kimoja, akajaza karatasi pembeni visigongane, akaifunga kwa utepe wa gundi. Moyoni alikuwa anacheka na kutetemeka kwa pamoja.

Kamanda alikuwa amewapa wenzake jina la dada yake, kwa hiyo dada ndiye aliyetumwa kwenye ofisi ya vifurushi. Alirudi akaitua katoni juu ya kitanda.

"Mdogo wangu, hii imetoka kwa nani?"

"Ma-ma-marafiki."

"Marafiki! Wewe?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Haya, na mimi nitapata mchumba basi."

Jumamosi mchana Santuri alilaza kompyuta sakafuni akaifungua. Vumbi lilikuwa limeganda kama sufi. Alilifagia kwa brashi ya rangi, akakwangua gundi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Vijiti vipya vya kumbukumbu, yaani RAM, viliingia kwenye nafasi zake kwa mlio mzuri. Kadi ya picha ndiyo iliyomtoa jasho: ilikuwa ndefu mno, ikagonga kizimba cha chuma kinachoshika kisoma sidii. Mwingine angekata tamaa. Yeye alichukua msumeno wa chuma, akakata kizimba chote, akasawazisha ncha kwa tupa, akaifunga kadi na pawa saplai mpya ya kuilisha umeme. Alipowasha, hakuna mkoromo. Milima ya kwenye gemu, ambayo kwa miaka yote aliiona kama uji, ilionekana mpaka na majani yake. Jamani, alilia. Mtu mzima alikaa sakafuni akalia kwa furaha.

Chini kabisa ya katoni, pale alipoziweka mwenyewe, kulikuwa na hedifoni zenye maiki.

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Alifunga mlango, akajirekodi: "Tulieni. Kushoto. Sasa." Akasikiliza. Sauti nene, iliyonyooka, hata kukwama kidogo hakuna! Akarudia, akaongeza maneno, yakateleza tu. Kila mwenye kigugumizi angemwambia kwamba mtu akiwa peke yake ulimi huwa mwepesi, kwamba ugonjwa uko kwenye masikio ya watu. Na yeye alilijua tangu utoto. Ila siku ile mashine ilikuwa mpya, naye akajiona mpya.

Jumapili alasiri kikosi kizima kilikuwa kinamsubiri.

"Mkuu, tunaona maiki yako imewaka," alisema Bibi Radi, na sauti yake ilikuwa na adabu ya mtoto mbele ya baba. "Tuko tayari. Sema nasi."

Wote wakatega masikio. Kwao ilikuwa heshima; yeye akaisogeza maiki mdomoni.

"Tu-tu-tu," alisema Kamanda. "Tu-tu-tu-tu..."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni maiki. Kisha Chiriku akapiga kelele.

"Subirini! Mimi namjua huyu! Huyu ni Santuri, mtunza stoo wa kazini kwetu! Nilimkabidhi mzigo aufunge mwenyewe! Mwizi huyu, ameiba vifaa, na akaunti ya Kamanda ameingia nayo!"

"Ni mi-mi-mi-mi..."

"Kamanda wetu umemfanya nini?" Bibi Radi alikuwa analia. "Mbwa wewe, umemfanya nini?"

Akaandika haraka: "Ni mimi. Nimekuwa mimi siku zote." Wakamjibu kwamba hata mwizi ana vidole vya kuandikia. Wakamtoa kikosini, wakampigia kura Chiriku achukue nafasi mpaka Kamanda wa kweli apatikane.

Jumatatu Chiriku alimsubiri kaunta, wateja wamejaa.

"Vitu vyetu nitavifuata kwako leo, vyote, mpaka skrubu. Lakini kwanza useme. Sema uliiba, yaishe hapa hapa. La sivyo nakwenda kwa bosi, na kesho utafute stoo nyingine ya kukutunza."

Santuri alimtazama. Alitaka kumwambia: mimi ndiye niliyekuvuta kutoka chini ya daraja, kule kwenye gemu, wenzako walipokukimbia. Mimi ndiye uliyeniambia mambo ya mke wako, ukaniomba ushauri, nikakupa. Alifungua mdomo, neno "mimi" likagoma mlangoni, midomo ikabana, shingo ikavimba. Wateja wakaanza kutabasamu. Mmoja akatoa simu arekodi.

Akafumba macho.

"Niliiba," alisema.

Lilitoka bila kukwama, safi, wote wakalisikia.

"Enhee!" Chiriku akampiga begani. "Leo umeongea kama mtu." Kisha akamgeukia mteja wa mbele, akamuuliza anataka misumari ya inchi ngapi.