Mwenye Mashua na Matete

Mama anayekodisha mashua kambini kwetu, huku kaskazini mwa Ufini, ni mwongo mwenye sauti ya muuguzi. Barafu ikishayeyuka, wavuvi humuuliza samaki wako wapi, naye, huku vidole vyake vilivyopasuka kwa baridi vikikaza injini, huwaelekeza kila mwaka ng'ambo ya ziwa, kwenye maji ya kina yasiyo na kitu. Juzi Urpo, mgeni wetu, alirudi mikono mitupu kwa siku ya tatu.

“Mama, unanichezea wewe.”

“Labda samaki hawakupendi, mwanangu.”

“Basi kesho naenda kwenye matete.”

Mama alifuta mikono kwa sketi, akamvuta Urpo mpaka penye matete, nami nikawafuata. Kwenye maji ya magotini, samaki wenye urefu wa mkono walikuwa wakijisugua kwenye nyasi, wakitaga mayai. Urpo alichuchumaa, akasahau hata kuvuta kamasi.

“Wakimaliza je?” alinong'ona.

“Wakimaliza, njoo kabla wenzako hawajaamka. Nitakupa mashua isiyovuja.”

Urpo akainamia viatu vyake, vilivyolowa tangu Jumatatu.