Mraba wa Kurudi Mwanzo

Siku yangu ya kwanza kazini, mkurugenzi wa mradi wa afya pale Kisumu aliniwekea kadibodi tupu mezani. Kabla ya hapo nilikuwa nikichora mabango ya maduka Kondele.

"Mama, watu wamechoka na mahubiri yetu," alisema. "Tutengenezee mchezo."

Ndivyo nilivyoanza kubuni michezo ya ubaoni. Unachora njia ya miraba, unatafuta kete za kusogezwa na dadu ya kurushwa. Kisha unafanya jaribio: unawapa wageni mchezo, unakaa kando, unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Mchezo wangu wa kwanza ulihusu dawa za virusi vya UKIMWI, zile za kumezwa kila siku. Ukitua kwenye mraba wa kuacha dawa, kete yako ilitolewa ubaoni. Tuliujaribu sokoni Kombewa. Kete ya Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ilipotolewa, mumewe Ouma aliweka dadu chini.

"Mama, huku tumezika watu wa kutosha," aliniambia. "Hatukuja sokoni kuzikwa tena."

Niliporipoti, mkurugenzi aliamua: "Basi anayeacha dawa arudi mwanzo."

"Bwana Mkurugenzi, mwili haurudi mwanzo."

"Huu ni mchezo tu, Mama. Wacha watu wafurahi."

Ukachapishwa hivyo, na ukapendwa kote kando ya ziwa. Ouma mwenyewe aliuongoza katika kikundi chao cha wanaotumia dawa hizo. Mimi nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Homa Bay kubuni michezo ya malaria na maji safi.

Miaka ilipita kabla sijarudi Kombewa, na Ouma alikuwa ameshazikwa. Nilienda kumpa Atieno pole.

"Mzee wangu aliacha dawa alipoenda kuvua visiwani," alisema. "Nilimsihi. Akaniambia akirudi ataanza tena, kwani hata kwenye mchezo mtu huanza tena."

Hakuyasema kwa hasira. Alinimiminia chai.

Nilimwomba mkurugenzi mpya abadilishe mraba ule. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia mradi unafungwa na hakuna kitakachochapishwa tena.

Sasa nimestaafu, naishi Otonglo. Vijana wanaobuni michezo ya simu huja kuniuliza kuhusu kazi hii, nami huwafundisha ninachokijua, hasa kumtazama anayekataa kucheza.

Atieno hunipigia simu wakati wa Krismasi. Tunaongea habari za mvua na wajukuu. Mchezo hatuutaji. Akishakata, mimi hukaa nimeishika simu, nikitafuta la kumwambia.