Kiberiti cha Mama Bei

Hakuna aliyewahi kumwona Mama Bei akiogopa, na kuuficha woga wake kulimtoa jasho kuliko biashara zake zote. Siku za kawaida alisaga mahindi ya watu kwenye mashine yake iliyo chini ya mlima. Kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya ghala kikigongwa, aligeuka mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na wanaume wazima na ndevu zao wakamfuata kama vifaranga. Walidhani ana roho ya chuma. Kumbe reli ikilia tu, mate yanamkauka, vidole vinakufa ganzi hata hawezi kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana alitafuta buti za kuvuta, zisizo na kamba. Watu wakazisifu. "Mama Bei ana akili," walisema, "buti za kuvuta hazimcheleweshi mtu." Naye akaitikia kwa kichwa, akawaacha na imani yao.

Jina hilo alipewa sokoni. Alianza kwa kuuza pumba kwa kopo, akapanda hadi mashine na ghala, na hakununua kitu maishani ambacho muuzaji hakukiachia huku anaugulia. Hata moto aliuingilia kwa hesabu, si kwa huruma. Nyumba ya mshona viatu, jirani yake, ilipoungua, gari la zimamoto la mjini lilifika mwenye nyumba akiwa ameshaanza kuokota misumari kwenye majivu. Mama Bei akalitazama ghala lake la mbao lililojaa magunia, akatazama nyasi za mlimani zilivyokauka, na tangu siku hiyo woga ukahamia kwake kama mpangaji asiyelipa kodi. Dawa ya woga huo, alijiambia, ni maji yenye magurudumu.

Kwenye kituo cha maziwa kulikuwa na boza kuukuu la kubebea maziwa, kuku wametaga chini yake. Akalizunguka na meneja, akilitia kasoro tairi moja moja.

"Hili si gari," alisema, "hili ni banda. Nikuondolee tu upate nafasi."

"Mama, injini inawaka."

"Hata jiko langu linawaka, na haliniendeshi popote."

Mpaka jua linapinda, meneja alikuwa amekubali kulitoa kwa pumba za ng'ombe wake wa nyumbani, na bado akamshukuru. Dereva akawa bwana mmoja wa makamo waliyemwita Breki, kwa kuwa kitu hicho ndicho boza lilichokosa na yeye ndiye aliyejua kuishi bila hicho. Akaja fundi cherehani, wakaja wenye bucha na wakulima, na mwisho akaja mkwe wake mwenyewe, mume wa binti yake wa pekee, kijana mkimya waliyemwita Mrefu. Mrefu alikuwa mtu wa haya. Mbele ya mama mkwe alishusha macho na sauti, na chai aliinywa ameugeukia ukuta.

Utaratibu wa kikosi aliutunga Mama Bei mwenyewe. Ubavuni mwa boza alifunga kamba iliyojaa vibanio vya nguo, kila kimoja na jina la mtu. Unapoingia kwenye moto, unachukua kibanio chako. Ukitoka, unakirudisha. Kamba isipojaa, hakuna amri kubwa inayotolewa. Wengine walicheka, wakasema mama anatuanika kama soksi. Lakini walifuata.

Mchana mmoja wa kiangazi, upepo ukivuma kutoka mlimani, reli ikalia.

Moto ulikuwa umeshuka kutoka shamba la juu lililovunwa, mabua yamebaki makavu kama karatasi. Chini ya shamba kulikuwa na malisho, nyasi zinafika kiunoni. Chini ya malisho, njia ya ng'ombe iliyoukata mlima kutoka upande hadi upande. Chini ya njia, mashine na ghala la Mama Bei. Kisha barabara ya vumbi. Kisha nyumba za watu na zahanati. Upande wa kushoto, kijito chembamba kiliteremka toka shambani, kikavuka njia ya ng'ombe, kikapita chini ya barabara ndani ya kalavati.

Walipambana kule juu kwa matawi mabichi na maji ya boza mpaka maji yakaisha. Moto haukujali. Ulipiga mruzi, ukala mabua, ukanyamaza kidogo kama unapumua, kisha ukaruka mbele. Mama Bei akapuliza filimbi ya kurudi, wote wakashuka hadi njia ya ng'ombe. Hapo ndipo ilipobaki kazi moja: kuchoma nyasi wenyewe kutoka njiani kwenda juu, ili ule moto mkubwa ukifika ukute sahani tupu. Wakiuwasha hapo, mashine inapona, nyumba zinapona. Lakini atakayekuwa malishoni kati ya mioto miwili, huyo hana pa kutokea.

Breki alishachovya matambara kwenye dizeli na kuyafunga kwenye fito. Akampa Mama Bei kiberiti, maana kuwasha ilikuwa kazi ya mkuu.

"Fanya haraka, dada. Unakuja huo."

Mama Bei akaitazama kamba. Vibanio vyote vilikuwepo. Akatoa njiti. Vidole havikuwa vyake, njiti ya kwanza ikamvunjikia, na katika kujifanya hajali akageuza uso kuwatazama watu wake. Walikuwa weusi kwa masizi, macho mekundu, wote wanafanana. Kilichomshtua ni urefu. Hakukuwa na kichwa kilichozidi vingine.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Kibanio chake kile pale," alisema fundi cherehani.

"Nauliza mtu, fundi. Siulizi kibanio."

Fundi akakohoa. Akajifuta pua. "Kibanio nimemrudishia mimi, Mama Bei. Aliniomba. Shati lake lilishika moto, akalivua akalitupa. Sasa anaona haya kupita mbele yako kifua wazi. Akasema atazunguka kwa kijitoni, atokee huko barabarani, wewe usimwone."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Haya ya nini na watu tunaungua?" alisema Mama Bei, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu wa mbali. "Ameshavuka njia?"

"Atakuwa ameshavuka," alisema Breki. "Ile miguu? Hatua zake mbili ni safari ya mtu mzima."

"Umemwona akivuka?"

"Kumwona sijamwona."

"Nani amemwona?"

Moshi ulikuwa umekilalia kijito chote, mweupe na mzito, hauonyeshi hata mti. Wakaita. Waliita wote kwa pamoja, "Mreeefu! Mreeefu!" kisha wakanyamaza kusikiliza. Walichosikia ni mabua yakipasuka.

"Nimfuate," alisema Breki.

"Huendi popote. Ukienda wewe nitakuwa natafuta wawili."

"Basi washa, dada! Ukingoja hapa, mashine yako imekwenda. Na ghala. Na sisi sote."

Hilo alilijua kabla hajaambiwa. Maisha yake yote alipobanwa alijua la kufanya: unaondoka kidogo, unarudi, unamtia mwenzako wasiwasi, unamsikia analegea. Sasa alitafuta wa kubishana naye, hakumpata. Moto hauna haraka ya kuuza. Upande mmoja aliona mkanda wa mashine, mawe ya kusagia, magunia ya watu waliomwamini. Upande wa pili hakuona kitu, moshi tu, na ndani ya moshi labda kijana mmoja kifua wazi, labda hakuna mtu kabisa. Kama hakuna mtu, atakuwa amelitupa jasho la maisha yake kwa ajili ya moshi. Akajikaza kisabuni.

"Boza lishuke," alisema. "Tunawashia barabarani."

"Barabarani! Mashine itabaki upande wa moto."

"Najua ilipo, Breki. Niliijenga."

Wakateremka wanakimbia, debe la dizeli likasahauliwa pale njia ya ng'ombe. Walipopita ghala hakugeuza shingo, ila harufu ya unga aliisikia. Barabarani watu walikuwa wanatoa magodoro, wengine wamebeba wagonjwa wa zahanati kwa mashuka. Binti yake alikuwa miongoni mwao, ameshika kona ya shuka. Alipowaona wa kikosi alihesabu kwa macho, kama anavyohesabu mke yeyote, akaachia shuka kwa mwenzake.

"Mama, mwenzangu yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anatokea wapi?"

"Kwa kijitoni. Anakuja, nimesema."

Binti akamtazama mkono. Kiberiti kilikuwa kinacheza ndani ya kiganja, njiti zikigongana. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine aliujua woga wa Mama Bei, na mtu huyo alikuwa ndiye wa mwisho ambaye angependa aujue. Binti hakulia. Alishuka mtaroni, akapiga magoti mbele ya mdomo wa kalavati, akaanza kuliitia lile shimo jina la mumewe, jina la nyumbani ambalo kikosini hakuna aliyelijua.

Moto ukafika njia ya ng'ombe. Ukasita pale kidogo, kisha ukavuka kama mtu anavyovuka kizingiti. Debe walilolisahau likalipuka, watu wote wakainama. Paa la ghala likaanza kutoa moshi. Mama Bei akajua kwamba sasa hata barabarani wakati wa kuwasha umefika, na kwamba akingoja zaidi, zahanati na nyumba zote zinafuata. Akatoa njiti. Safari hii haikuvunjika. Aliishika karibu na kiberiti, akasema kimoyomoyo atangoja mpaka bati la kwanza la ghala likunjike. Bati likakunjika. Akasema mpaka la pili.

"Mama, usiwashe!" Binti alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya kalavati. "Kuna kitu kinatembea!"

Kikatokea kichwa kilichojaa tope, kisha mabega. Alikuwa amejifunika mfuko wa mbolea uliotobolewa chini, shingo imepita kwenye tundu, na hata pale, akikohoa hadi kutapika, alikuwa anauvuta mfuko ufunike kifua. Mkewe akampiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena.

"Shikamoo, Mama," alisema Mrefu, macho chini.

Mama Bei hakuitikia. Alikuwa ameshawasha.

Nyumba zilipona, zahanati ikapona. Mashine na ghala viliteketea hadi msingi, na jioni watu walikuja kumpa pole wakikaa kwenye mawe kama msibani. Fundi cherehani alikuja mwisho, akasimama mbali. Mama Bei alimwambia arudi kwake akapumzike, maneno yatafuata.

Kesho yake, ardhi ikiwa bado ina joto, alimwita mkwe wake wapande mlimani wawili tu. Hakumweleza sababu. Sababu alikuwa nayo: alitaka kujua alilipia nini. Kichwani alikuwa ameshapanga matusi ya heshima, yale anayoweza kupewa mkwe bila ndoa kuvunjika, na alitaka tu aonyeshwe kwamba Mrefu alikuwa mbali, chini kabisa, ameshapita zamani, ili amshushie yote kwa raha yake.

Mrefu alitangulia, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Walifuata kijito. Kila kitu kilikuwa cheusi, akapotea mara moja, akarudi, akaitazama kingo ya udongo iliyokuwa imeinamia maji.

"Ni hapa, Mama."

"Hapa ulipita?"

"Nilikaa. Moshi ulinifunga macho, nikawa sijui juu wala chini. Nikalala, nikaweka uso kwenye tope nipate hewa. Mliponiita niliwasikia."

"Hukuitikia."

"Niliitikia. Mdomo ulikuwa na tope."

Mama Bei akageuka. Chini yao, karibu kiasi cha kuweza kuongea na mtu bila kupaza sauti, ilikuwa njia ya ng'ombe, na kando yake lile debe la dizeli lililopasuka. Aliiona hata alama ya buti zake, pale aliposimama na njiti ya kwanza. Nyasi za kutoka pale hadi kwenye kingo zingeshika kabla fundi hajamaliza kujifuta pua.

Akakaa kwenye udongo wa moto, mikono ikitetemeka mapajani, na safari hii hakuificha. Mrefu alinyoosha mkono amwinue, akaona haya, akaurudisha. Matusi yote aliyokuja nayo yalikuwa yametoka kichwani, akabaki anavuta pumzi kama aliyepanda mlima mkubwa kuliko ule.

"Usimlete mkeo hapa," alisema mwishowe.

"Sawa, Mama."

"Akikuuliza, mwambie ulikuwa karibu na kalavati."

"Sawa."

Akajishika kwenye kingo, akainuka mwenyewe, akakung'uta sketi. Kisha wakashuka, Mrefu mbele, kwenda kutazama kama injini ya mashine bado inaweza kuuzika, hata kama ni chuma chakavu.